Chaza hana antibodi hata moja na bado yupo

Leo naongelea chaza, yule mnyama wa baharini wa mwili laini anayeishi ndani ya magamba mawili. Najua huku kwetu Mbeya ukimtajia mtu chaza wengi watakuuliza ndo nini hicho, sisi samaki wetu ni magege na mbasa wa Kyela na dagaa, vya baharini tunavikuta soko la Mwanjelwa vimeshaganda barafu, vimesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar. Ila mimi kazi yangu ni maabara, kutwa nipo kwenye darubini nahesabu seli nyeupe za wagonjwa, neutrofili ngapi, limfosaiti ngapi, na tangu nianze kusoma habari za kinga ya viumbe wa magamba wa baharini, chaza, kome, kombe na jamaa zao, kwa kweli siziangalii tena zile seli kama mwanzo. Kuna mnyama hana limfosaiti hata moja. Hana antibodi, zile protini za kinga ambazo baadhi ya limfosaiti zetu zinazitengeneza kumnasa adui fulani. Na ukoo wake upo duniani mamia ya mamilioni ya miaka, unaishi kwenye maji ambayo mililita moja tu, ile inayojaza bomba dogo la sindano ya insulini, ina bakteria kama milioni moja na virusi kama milioni kumi.

Na hayo maji hayakwepi, ndo maisha yake. Chaza mkubwa mmoja hali ikiwa nzuri anaweza kuchuja mpaka lita 190 kwa siku, anayavuta, yanapita kwenye matamvua, chembe za chakula zinanaswa na ute zinaenda mdomoni. Kwa hiyo chochote kinachoelea kinamgusa, vijidudu, uchafu wa mjini, mafuta ya maboti, vyote. Binadamu ukimwambia aishi hivyo wiki moja sijui kama atatoka mzima.

Anacho nini sasa? Ana hemosaiti. Hizo ni seli za damu yake, na damu yenyewe sio ya kuzunguka ndani ya mishipa iliyofungwa mwanzo mwisho kama yetu, moyo unasukuma, inatoka kwenye mshipa inamwagika katikati ya nyama, inaloanisha kila kitu halafu inarudi zake. Kwa wengi haina rangi, ukiivuta kwenye sindano unaona kama maji yenye ukungu kidogo. (Kuna kombe wa jamii ya Anadara wanaookotwa pwani yetu, hao wana himoglobini na damu yao ni nyekundu kabisa, ila hiyo sio kawaida ya ukoo huu.) Kome ukitaka kuona hemosaiti zake unachoma sindano kwenye ule msuli unaofunga magamba mawili, unavuta kidogo, unadondoshea kwenye slaidi, unasubiri. Baada ya dakika chache zinashika kioo, zinajitandaza, zinaota miguu bandia na kuanza kutambaa. Zingine zina chembechembe nyingi ndani, zingine hazina, na wataalamu mpaka leo kila mmoja ana namna yake ya kuzigawa. Mimi naona hilo sio kubwa. Kubwa ni kwamba zile zenye chembechembe ndo walaji na wauaji wakali zaidi.

Nikitafuta mfano wa huku kwetu, hemosaiti ni sungusungu wa kijiji kisicho na kituo cha polisi wala mahakama, yeye ndo analinda usiku, yeye ndo anakamata, yeye ndo anahukumu, na asubuhi huyo huyo anaenda shambani. Kwa sababu hizi seli hazipigani tu, zinasaidia pia kumeng'enya chakula na kukisambaza, zinaziba vidonda, na mwaka 2004 ilionekana kwa chaza wa mashariki ya Marekani kwamba zinabeba hata fuwele za chokaa na kuzipeleka pale gamba linapojengwa. Yani seli ya ulinzi inajenga pia na ukuta! Kwetu sisi kazi hizo zimegawanywa kwa seli za aina nyingi, yeye kaziweka pamoja, na kila kitu nitakachosema chini kinatokana na hilo, nguvu yake na balaa lake.

Watu wengi hawajui kwamba elimu ya seli zinazokula wadudu imeanzia baharini. Mwanasayansi Ilya Metchnikoff mwaka 1882 akiwa Messina, Sicily, alichoma vimwiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pwani, yule mnyama wa umbo la nyota, ambavyo mwili wao unapitisha mwanga, na kesho yake akakuta seli zimekuja zenyewe zimekizunguka kile kimwiba. Hakuna mishipa ya damu pale, hakuna neva za kuongelea, seli tu zimehisi kitu kigeni zikahama. Kwa kazi iliyoanzia hapo akapata tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Kiti cha pwani sio chaza, sawa, ila mwaka 1950 mtafiti Leslie Stauber akamwendea chaza mwenyewe, akamchoma wino mweusi moja kwa moja kwenye moyo, akawa anafuatilia ule wino unaenda wapi. Hemosaiti ziliumeza. Kisha zikiwa zimebeba wino tumboni zikajipenyeza kwenye kuta za utumbo na kwenye ngozi, zikatoka nje ya mnyama na kupotea na mzigo wao. Mimi hii habari niliisoma nikarudia, seli inakamata uchafu halafu inajitoa yenyewe nje ya mwili nao, hairudi.

Sasa hapa ndo kwenye jambo ambalo naona tulifundishwa nusu. Chuoni tulikariri alama nne za inflamesheni, pamevimba, pamekuwa pekundu, pana joto, panauma. Chaza hana joto lake, ubaridi wa maji ndo ubaridi wake. Damu haina wekundu. Maumivu hatuna namna ya kumuuliza. Kwa hizo alama, huyu mnyama ungesema hapati inflamesheni kabisa. Lakini chukua kipande cha nyama yake pale kimelea kilipoingia, kikate chembamba, kipake rangi, kiweke kwenye darubini, utakuta hemosaiti zimejaa mpaka nyama yenyewe inaonekana kwa shida, nafasi zimetanuka, na zingine zimejipanga tabaka juu ya tabaka kuzunguka kitu kigeni zikakifungia ndani. Kwa kome hayo mafundo ya seli yanaitwa granulosaitoma. Hiyo ni inflamesheni, tena ndo yenyewe hasa. Joto na wekundu ni vya sisi ambao mishipa yetu inatanuka na damu yetu ni moto, ila kitu cha msingi na cha zamani kuliko vyote ni seli kuhama kwenda penye tatizo. Mwanafunzi angeanza na chaza angeelewa kirahisi usaha ni nini, kwamba ule ni mzoga wa mamilioni ya neutrofili zilizohama zikaja kufia pale, wala sio uchafu tu wa kukamua.

Akikatwa pia ni hivyo hivyo, damu ya chaza haigandi kwa nyuzi kama yetu, hemosaiti zinakimbilia zinashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka pazibe, baadaye ndo ngozi mpya inatandazwa juu. Kamba na kaa wao wana njia nyingine, damu inaganda kweli kweli, na kidonda au kimelea kinapakwa melanini, ile rangi nyeusi. Wanaouza kamba wa barafu pale sokoni wanaijua hii bila kuijua, kamba akikosa barafu ya kutosha kichwa kinaanza kuwa cheusi, hapo ni vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo ya kinga vinaendelea na kazi wakati mwenyewe ameshakufa.

Kuua kunafanyikaje? Bakteria akimezwa anajikuta ndani ya kifuko, na seli inammwagia oksijeni kali pamoja na haidrojeni peroksaidi, ndiyo, ile ile tunayosafishia vidonda wodini, inatengenezwa ndani ya seli. Kuna kimeng'enya kinaitwa laisozaimu kinachotoboa ukuta wa bakteria, hata sisi tunayo kwenye machozi na mate. Halafu kuna vijiprotini vidogo vya kuua vijidudu, kome peke yake ana difensini, maitilini, maitisini na vingine. Na jeni za kuendesha mambo haya ni nyingi ajabu. Jeni zote za chaza wa Pasifiki zilisomwa zikatangazwa mwaka 2012, kama 28,000 hivi, ndani yake wakakuta jeni 88 za protini za kustahimili joto na shida za aina ya HSP70 wakati sisi tuna 17, na 48 za kuzuia seli isijiue. Mnyama asiye na antibodi hakukaa bure, alijaza ghala upande mwingine.

Nitoke nje ya mada kidogo kwa wenzangu wa hospitali. Kuna kiumbe wa baharini anaitwa Limulus, ana gamba gumu ila ukoo wake ni wa buibui na nge, damu yake ya bluu. Mtafiti Frederik Bang mwaka 1956 alieleza jinsi damu hiyo inavyoganda ikikutana na bakteria wa baharini, na baadaye yeye na Jack Levin wakaonyesha kwamba inayosababisha ni sumu iliyo kwenye ukuta wa bakteria na kwamba seli za damu ndo zinabeba vitu vya kugandisha. Kutokana na seli hizo kikatengenezwa kipimo, na kwa miongo mingi dawa za sindano na maji ya dripu duniani vimekuwa vikipimwa nacho kabla havijaingia kwenye mshipa wa mtu. Unapomfungia mgonjwa dripu hapa Mbeya kumbuka kuna kinga ya mnyama wa baharini imehusika kuhakikisha ile chupa haitampandisha homa ya ghafla.

Lulu nayo watu huwa wananiuliza. Ile hadithi ya punje ya mchanga kuingia ndani ya chaza kwa sehemu kubwa sio kweli, mchanga anao kila siku na anautema. Lulu ya asili mara nyingi inaanza na kidonda au kimelea kwenye ile ngozi laini inayotengeneza gamba, seli za ngozi hiyo zinasukumwa ndani mahali pasipo pake, zinajikunja zinakuwa kifuko, kifuko kinaanza kumwaga gamba ndani kwa ndani. Wafugaji wa lulu za duara wanapoweka kiini kwa upasuaji, hemosaiti zinajaa pale kidondani kwanza, na inflamesheni ikizidi au kidonda kikiingia wadudu mnyama anatema kiini au anakufa. Zanzibar, vijiji kama Bweleo na Fumba, akina mama wamefuga zile lulu nusu zinazobandikwa kiini kwenye gamba kwa ndani, hapo hakuna kupasua nyama kwa hiyo vita ni ndogo.

Sasa nije kwenye upande unaouma. Nimesema mnyama huyu kaweka karibu kila kitu kwenye seli moja. Ukisoma magonjwa yaliyoangamiza chaza duniani utagundua adui aliyefanikiwa sana hakuwa yule anayeikimbia hemosaiti. Ni yule aliyekubali kumezwa.

Perkinsus marinus ndo mfano wangu wa kwanza. Kimelea hiki kilielezwa mwaka 1950 kutoka Ghuba ya Mexico, na kimeua chaza wa mashariki ya Marekani mpaka leo, hasa maji yakiwa na joto na chumvi nyingi. Hemosaiti inakiona, inakimeza kama inavyopaswa, inataka kukimwagia ile oksijeni kali, ila kina vimeng'enya vyake vya kuizima. Hakifi. Kinazaliana humo ndani, na kwa kuwa hemosaiti inatembea mwili mzima inakisafirisha kila kona bure, kisha inapasuka na watoto wanatoka wanamezwa na hemosaiti zingine. Inflamesheni inayotakiwa kuokoa inageuka kuwa usafiri wa ugonjwa. Binadamu hakimdhuru, tuwe wazi, ila wavuvi wa ghuba ya Chesapeake kule Marekani kilishawatia umaskini. Ulaya nako kuna kimelea kingine, Bonamia ostreae, ilionekana Brittany, Ufaransa, mwaka 1979, inakaa ndani ya hemosaiti za chaza bapa wa kule, na ufugaji wa huyo chaza haujarudi ulivyokuwa. Mtu wa kifua kikuu akisoma haya anaelewa mara moja, bakteria wa TB naye anamezwa na makrofeji, seli zetu za ulinzi zinazomeza vijidudu, na kukaa humo humo. Mimi nasoma makohozi kila wiki, nikimwona yule bakteria amepakwa rangi nyekundu nawaza kwamba ujanja huu wa kuishi ndani ya mlinzi umegunduliwa na maadui tofauti kwa nyakati tofauti, baharini na nchi kavu.

Halafu kuna kirusi. Kiangazi cha mwaka 2008 chaza wachanga wa Pasifiki walianza kufa kwa wingi sana Ufaransa, na aina mpya ya kirusi cha jamii ya hepesi, OsHV-1, ikahusishwa. Watu walibishana miaka, ni kirusi au ni bakteria maana wote wanakutwa. Mwaka 2018 ikaonyeshwa vizuri mtiririko wake, kirusi kinaanza kwa kushambulia hemosaiti, zinashindwa kutengeneza vile vijiprotini vya kuua bakteria, ndipo bakteria ambao siku zote walikuwepo wanaingia kwenye damu na kummaliza. Anayekufa anakufa kwa bakteria, aliyefungua mlango ni kirusi. Huku Nyanda za Juu Kusini sihitaji kumweleza mtu sana habari ya kirusi kinachoua seli za ulinzi halafu magonjwa mengine yanamalizia. Iringa, Njombe, Mbeya, kila familia ina mtu wake.

Na la kuogopesha kuliko yote kwangu ni saratani. Kombe wa pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, Mya arenaria, wana ugonjwa unaofanana na saratani ya damu, damu inajaa seli zilizoharibika mpaka inakuwa nzito nyeupe. Mwaka 2015 watafiti Michael Metzger na Stephen Goff na wenzao wakapima jeni za hizo seli wakakuta hazifanani na jeni za kombe mwenyewe aliyeugua, zinafanana zenyewe kwa zenyewe toka kwa kombe wa sehemu zilizo mbali mbali. Maana yake saratani ni ukoo mmoja wa seli uliotoka kwa kombe mmoja zamani, unasafiri kwenye maji unaingia kwa mwingine. Mwaka 2016 wakaikuta kwa kome na kombe wengine pia, mpaka moja iliyohama kutoka aina moja kwenda aina nyingine ya kombe. Mnyama anayechuja maji anavuta seli ya mwenzake mgonjwa, na kinga yake haina ule mfumo wetu wa kutambua nyama ya mtu mwingine uliofanya upandikizaji wa figo uwe mgumu. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga simu nikakaa kimya muda.

Plastiki niiseme kwa ufupi maana inaweza kupata siku yake. Mwaka 2008 kome walilishwa chembe za plastiki ndogo ndogo, zikapita utumboni zikaingia kwenye damu, na siku 48 baadaye bado zilikuwepo ndani ya hemosaiti. Jaribio jingine la mwaka 2012 likaonyesha zile granulosaitoma zinaanza ndani ya masaa sita tu baada ya kome kupewa unga wa plastiki, na vifuko vya kumeng'enyea ndani ya seli vinaanza kuvuja. Huo uvujaji una kipimo chake rahisi, unaziwekea seli hai rangi nyekundu iitwayo nyutro redi na unaangalia inakaa muda gani kabla haijatoka, kadiri maji yalivyo machafu ndivyo inavyotoka mapema. Kipimo kizuri, hakihitaji mashine ya mamilioni, chuo chochote chenye darubini kingeweza.

Basi msidhani hana kumbukumbu kabisa. Watafiti Ufaransa waliwachoma chaza kitu kinachofanana na kirusi, poli I:C, kisha miezi mitano baadaye bado walikuwa wanastahimili ile hepesi. Hakuna antibodi pale, hakuna limfosaiti, ila mwili uliwekwa kwenye hali ya tahadhari ukabaki hivyo. Hili limenifanya nisiwe mwepesi tena wa kusema kwamba kinga ya aina hii ni ya kizamani na haijifunzi.

Kwa mtu wa huku ambaye bahari ni mbali, kuna ndugu wa chaza tunaishi nao kabisa. Konokono wa kichocho, wale wa Ziwa Nyasa na mifereji, Biomphalaria na Bulinus, nao ni moluska, ukoo ule ule wa wanyama wa mwili laini, na kinga yao ni hemosaiti hizo hizo. Kimelea cha kichocho kikitoka kwenye choo au mkojo wa mtu kinaingia kwa konokono, na hapo kuna vita. Kwenye konokono wanaokubali ugonjwa hemosaiti zinafika zikazubaa, kimelea kinazima nguvu zao na kuanza kuzaliana. Kwenye koo sugu za Biomphalaria glabrata, yule wa Amerika ambaye ndo anafugwa sana maabara, hemosaiti zinakizunguka kimelea tabaka kwa tabaka na kukiua kwa haidrojeni peroksaidi na naitriki oksaidi ndani ya siku chache, na kichocho kinaishia pale hakifiki kwa mtoto anayeoga ziwani. Konokono wa kwetu ndo nataka kuwaona mwenyewe sasa. Kama kuna mdau yupo Kyela, au Mtera upande wa Iringa, anafanya kazi na konokono na anajua kuwatoa damu bila kuwaua, aniandikie hapo chini, darubini na rangi ninazo, na tukienda majini tunavaa mabuti na glavu ndefu, hayo maji tunayajua.